Nyuzijoto Nne kwa Kila Mzigo: Uchambuzi wa Kisa cha Kuku katika Kampuni ya Migahawa

Kisa hiki kinahusu kampuni yenye migahawa 38 chini ya jina moja, ya aina ambayo mgeni huketi, huletewa menyu na huhudumiwa mezani kwa gharama ya wastani. Jina la kampuni, la muuzaji wake wa kuku na la msafirishaji yameondolewa, pamoja na kila jambo linaloweza kumtambulisha mtu. Nilikuwa katika timu ndogo iliyoitwa kuchunguza siku chache baada ya tukio. Nimeliandika kwa ajili ya mameneja wa majiko, maofisa ununuzi na wakaguzi wa ubora, kwa kuwa nimeona hali kama hii ikikaribia kutokea kwingineko, mikononi mwa watu wenye nia njema kabisa.

Usuli

Kwa miaka mingi kampuni hii ilinunua kuku wabichi kutoka kwa wauzaji watatu, kila mmoja akihudumia matawi yaliyo karibu naye. Mzigo uliletwa kila siku alfajiri, kabla ya jiko kuanza kazi, na katika kila tawi alikuwapo mtunza stoo ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kupokea, kupima, kuandika na kupanga. Gharama zilikuwa juu na ubora ulitofautiana: vipande vya kuku vya tawi moja vilikuwa vikubwa kuliko vya jingine, na mgeni aliyezoea sahani fulani alishangaa kuikuta tofauti akila tawi la pili. Uongozi ulikuwa na sababu ya haki ya kutaka mabadiliko.

Mabadiliko yenyewe yalikuwa matatu, na yote yalifanyika katika robo moja ya mwaka. Kwanza, wauzaji watatu walipunguzwa hadi mmoja, ambaye mzigo wake wote ulipitia ghala moja la msafirishaji. Pili, uletaji wa kila siku ukawa wa mara tatu kwa wiki, kila lori likihudumia matawi tisa au kumi kwa safari, hivyo matawi ya mwisho yakawa yanafikiwa jioni. Tatu, nafasi ya mtunza stoo ilifutwa, na kazi yake ikagawiwa kwa mpishi yeyote wa zamu atakayekuwa na nafasi.

Kila badiliko lilipitishwa na idara tofauti, kwa hesabu zake. Idara ya ununuzi ilipima bei kwa kilo, idara ya usafirishaji ilipima gharama kwa safari, na idara ya rasilimali watu ilipima mishahara kwa tawi. Hakuna karatasi hata moja tuliyoiona iliyoyaweka mabadiliko hayo matatu pamoja na kuuliza kuku atakuwa na joto gani atakapofika tawi la tisa, na nani atakuwa mlangoni kumpokea.

Kuna jambo la nne, la zamani kuliko hayo yote, ambalo ndilo kiini cha uchambuzi huu. Kila mwezi meneja wa tawi alipewa alama, na alama hizo ziliamua bonasi yake. Alipoteza alama kila sahani ya kwenye menyu ilipokosekana, na alipoteza pia kwa kila kilo ya chakula iliyotupwa.

Yaliyotokea kwa mfuatano

Wiki tano za mwanzo zilipita bila malalamiko. Wiki ya sita, wapishi wa matawi matatu waliripoti kwamba mapaja ya kuku yalikuwa na harufu siku moja au mbili kabla ya tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye lebo. Makao makuu yalijibu kwa waraka wa kuyakumbusha matawi kutumia kwanza kilichoingia kwanza, na kufunga vizuri milango ya majokofu. Waraka huo ulidhani kwamba kosa liko ndani ya jiko. Hakuna aliyegundua kwamba matawi yote matatu yalikuwa miongoni mwa vituo vya mwisho vya safari zao.

Wiki ya tisa, takwimu za chakula kilichotupwa zilipanda katika matawi manane. Mameneja waliitwa kueleza, na wiki iliyofuata takwimu zikashuka. Makao makuu yalilipokea hilo kama dalili ya nidhamu. Tulipozungumza na wapishi baadaye, kwa utulivu na bila mameneja wao kuwapo, baadhi walieleza kwamba walichofanya ni kuwahi kumpika kuku mwenye shaka kabla hajalazimika kutupwa.

Siku ya Alhamisi ya wiki ya kumi na moja, lori lilifika tawi la mwisho la safari saa 1:10 usiku, meza zote zikiwa zimejaa. Dereva alisubiri mlango wa nyuma kwa robo saa. Mpishi aliyetoka kumpokea alikuwa bado na koleo mkononi. Tawi lilikuwa na kipimajoto cha miale, kile cha kuelekeza kama tochi, na kilisoma nyuzi 5 juu ya katoni. Mpishi huyo hakuridhika, kwa sababu alipogusa pakiti kwa kiganja aliziona laini kuliko kawaida. Akarudi jikoni, akachukua kipimajoto cha sindano kinachotumika kupimia nyama motoni, akakifuta, akakiingiza kati ya pakiti mbili na kuzibana pamoja kama alivyofundishwa zamani. Akasoma nyuzi 9.4.

Akamfuata meneja na kumwambia, “Mkuu, mzigo huu una joto, tuurudishe.” Meneja alikuwa amesimama na wageni waliokuwa wakidai meza waliyoweka oda mapema. Alijibu, “Ndugu yangu, tukiurudisha kesho tutawapikia nini watu? Saini, uingize ndani upesi upate baridi.” Mpishi alisaini, na kwenye nafasi ya joto akaandika 4. Kisha akageuza nakala ya hati ya makabidhiano na kuandika nyuma yake kwa penseli: 9.4, kati ya pakiti, saa 1:25.

Ijumaa jioni meza mbili zilirudisha sahani kwa sababu ya harufu. Jumamosi asubuhi wageni watatu, wa makundi mawili tofauti, walipiga simu kueleza kwamba wameharisha na kutapika usiku. Meneja yule yule, na hili lazima lisemwe kwa haki yake, ndiye aliyempigia simu mkuu wa ubora ndani ya nusu saa na kumweleza yote, pamoja na habari za Alhamisi usiku.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa ni kuku yupi aondolewe. Kwa nadharia swali hilo lina jibu rahisi: tafuta namba ya bechi, yaani ya kundi la kuku waliofungashwa pamoja, orodhesha matawi yaliyoipokea, ondoa bechi hiyo tu. Ilionekana haraka kwamba haliwezekani. Hati za makabidhiano ziliandikwa uzito na idadi ya katoni, bila namba ya bechi. Namba ilikuwa kwenye lebo ya katoni, na matawi yalikuwa na desturi ya kuhamishia kuku kwenye beseni za plastiki mara tu anapofika, kisha kutupa katoni ili kupata nafasi ndani ya jokofu. Kufikia Jumamosi, ndani ya beseni moja kulikuwa na kuku wa Jumanne na wa Alhamisi wamechanganyika.

Katika kikao cha dharura mkuu wa ubora aliwakumbusha wenzake yaliyowapata Chipotle wa Marekani mwaka 2015, ambako watu 60 waliugua katika milipuko miwili ya bakteria wa E. coli iliyohusishwa na migahawa hiyo, na uchunguzi wa serikali ukafungwa mapema mwaka 2016 bila kiambato kimoja kuthibitishwa kuwa chanzo. Chakula chenye viambato vingi, vinavyochanganywa na kutumika katika sahani nyingi, ni kigumu sana kufuatiliwa nyuma. Hoja yake ilikuwa fupi: kama hatuwezi kusema ni kuku gani ana tatizo, hatuna haki ya kusema ni kuku gani yuko salama. Wakaamua kusitisha kuku wote katika matawi yote 38 kuanzia mchana huo.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuwapa taarifa mamlaka za afya kabla ya kuulizwa. Mwanasheria wa kampuni alishauri wasubiri matokeo ya maabara. Mkurugenzi mkuu alichagua kutosubiri, kwa sababu kama kuku wa muuzaji huyo alikuwa na tatizo tangu machinjioni, wateja wengine wa muuzaji walihitaji kujua siku hiyo hiyo.

Uamuzi wa tatu ulizua ubishi mkubwa zaidi. Mameneja kadhaa waliomba ruhusa ya kununua kuku kwenye maduka ya nyama ya karibu, angalau kwa siku mbili tatu. Ombi lilikataliwa, kwa kuwa lingeleta vyanzo vingi visivyokaguliwa ndani ya majiko ambayo tayari yalishindwa kufuatilia chanzo kimoja. Badala yake sahani 11 kati ya 34 ziliondolewa, menyu ya muda ya ukurasa mmoja ikachapishwa, na wahudumu wakaelekezwa kuwaambia wageni ukweli: kuku amesitishwa wakati kampuni inachunguza namna anavyosafirishwa.

Uamuzi wa nne ulikuwa kutomshtaki muuzaji wala msafirishaji kabla ya kupima. Timu iliomba kupanda malori, na kuweka virekodi joto vidogo ndani ya makreti yenyewe, katikati ya pakiti, kuanzia ghalani hadi kituo cha mwisho.

Matokeo

Safari nne zilipimwa, na picha ilikuwa ileile. Kuku alitoka ghalani akiwa na nyuzi 2 hadi 3. Kufikia kituo cha tano alikuwa amevuka 5, na katika kituo cha mwisho makreti yaliyokaa karibu na mlango yalikuwa kati ya 8 na 10. Wakati huohuo skrini ya lori ilionyesha nyuzi 2 karibu muda wote, kwa sababu kihisi chake kilikuwa karibu na tundu la kutolea hewa baridi, mbele kabisa ya kontena. Msafirishaji hakudanganya alipoonyesha rekodi zake, wala mpishi hakudanganya kwa penseli yake. Kila mmoja alipima kitu tofauti.

Chanzo kikubwa cha joto kilikuwa kusubiri. Dereva alifungua mlango wa kontena, akazima mashine ya baridi kama utaratibu unavyotaka mlango ukiwa wazi, akashusha makreti hadi mlango wa nyuma wa mgahawa, kisha akasimama akingoja mtu wa kumpokea. Katika vituo vya mchana alingoja dakika chache. Jioni alingoja hadi robo saa, mara nyingi mlango wa lori ukiwa wazi, kwa kuwa kila aliyeweza kumpokea alikuwa mbele ya jiko. Mtunza stoo aliyeondolewa ili kuokoa mshahara ndiye angefupisha kusubiri huko.

Maabara haikupata kwenye sampuli zilizobaki kitu kinachoweza kuunganishwa moja kwa moja na maradhi ya wageni watatu. Wote walipona ndani ya siku chache, na chanzo cha maradhi yao hakikuthibitishwa. Kuku alirudi katika matawi ya vituo vya mwanzo siku ya sita, na katika matawi yote siku ya kumi na mbili, baada ya safari kugawanywa na saa za kuleta mzigo kuhamishiwa asubuhi.

Uchambuzi

Nianze na fomu za joto, kwa sababu ndizo zilizonisumbua zaidi. Tulikusanya fomu za mapokezi za wiki kumi na moja kutoka matawi ya vituo vya mwisho. Ukurasa baada ya ukurasa ulikuwa na 4, 4, 3, 4, 4. Hapakuwa na desimali hata moja, wala mzigo mmoja uliokataliwa. Kipimajoto halisi kinachoshikwa na watu tofauti, katika siku za joto na za mvua, hakiwezi kutoa majibu yaliyonyooka namna hiyo, na mkaguzi yeyote aliyeyasoma kwa makini alipaswa kushtuka. Fomu hizo zilikuwa zimepitishwa katika kaguzi mbili, kwa sababu mkaguzi alitakiwa kuthibitisha kwamba zimejazwa na kwamba hakuna namba iliyozidi 5.

Ni rahisi kuwaita wapishi waongo, na katika kikao cha kwanza kuna aliyewaita hivyo. Naona si haki. Ebu tuufuate mzigo wenye nyuzi 9 kwa macho ya meneja. Akiukataa, kesho sahani 11 hazipo, anapoteza alama. Akiupokea na kumtupa kuku baadaye, anapoteza alama za upotevu. Akiupokea na kumpika mapema, hapotezi chochote, ila siku ambayo bahati itamwacha. Kampuni ilikuwa imejenga milango mitatu na kuweka adhabu kwenye miwili iliyo salama. Namba 4 kwenye fomu ilikuwa jibu la mfumo wa alama, lililoandikwa na mkono wa mpishi.

Kampuni ilikuwa na mpango wa HACCP, utaratibu wa kudhibiti hatari za chakula uliobuniwa katika miaka ya 1960 na kampuni ya Pillsbury pamoja na NASA na jeshi la Marekani kwa ajili ya chakula cha wanaanga, na ambao Tume ya Codex Alimentarius, chombo cha kimataifa cha viwango vya chakula, iliutolea mwongozo wa kimataifa mwaka 1993. Mapokezi ya kuku yalitajwa humo kuwa hatua muhimu ya udhibiti, ukomo ukiwa nyuzi 5. Hatua ya marekebisho iliandikwa kwa maneno matatu: mzigo wote ukataliwe. Mpango haukusema tawi lipike nini usiku huo, nani apigiwe simu, wala mzigo wa badala utoke wapi. Kukataa mzigo bila mpango wa kesho yake ni agizo ambalo meneja mwenye wageni mlangoni hawezi kulitii, na aliyeliandika alipaswa kulijua hilo.

Upunguzaji wa siku za uletaji ulizidisha madhara kwa njia ambayo idara ya usafirishaji haikuiona. Zamani nako huenda kuku alipata joto kidogo njiani, lakini aliletwa alfajiri, kwa safari fupi, na aliliwa siku hiyohiyo. Sasa alitakiwa kukaa siku mbili au tatu ndani ya jokofu la tawi baada ya kupata joto. Kwa kanuni ya makadirio inayotumika sana kwa vyakula vibichi vinavyohifadhiwa kwenye baridi, kasi ya kuharibika kwenye nyuzi 5 ni zaidi ya mara mbili ya ile ya nyuzi 0, na kwenye nyuzi 10 ni takriban mara nne. Tena beseni lililojazwa hadi juu halipoi upesi, kwa kuwa jokofu la jikoni limetengenezwa kutunza ubaridi uliopo, halina nguvu ya kuuondolea joto mzigo mzima. Agizo la meneja la kuuingiza ndani “upesi upate baridi” lilitokana na imani kwamba jokofu litaupoza mzigo haraka, imani tuliyoikuta karibu kila tawi. Tarehe kwenye lebo ilikokotolewa kwa kudhani kuku hatavuka nyuzi 4, kwa hiyo wapishi waliolalamika wiki ya sita walikuwa sahihi kabisa.

Kuhusu kutegemea muuzaji mmoja na ghala moja, sikubaliani na wale waliotaka kulifanya hilo kuwa kosa kuu. Hatari yake ni ya kweli: Februari 2018, KFC nchini Uingereza ilipohamishia usambazaji wake kwa kampuni ya usafirishaji ya DHL kupitia ghala moja mjini Rugby, zaidi ya nusu ya migahawa yake takriban 900 ilifungwa kwa muda kwa kukosa kuku. Lakini kule mzigo haukufika. Hapa ulifika, kwa wakati, ukiwa kamili, na ndiyo maana tatizo liliendelea kwa wiki kumi na moja bila kupigiwa kelele. Kuwa na wauzaji wawili kusingebadilisha kilichotokea mlango wa nyuma saa 1:10 usiku.

Mkataba wa usafirishaji nao ulikuwa na tundu. Ulitaka lori litunze hewa ya nyuzi 0 hadi 4, na haukutaja joto la bidhaa wakati wa makabidhiano. Kwa maneno hayo msafirishaji alikuwa ametimiza wajibu wake. Katika mkataba mpya kipimo ni kimoja: joto kati ya pakiti mbili, kwa kipimajoto cha sindano kilichohakikiwa kwenye maji ya barafu, likisomwa na dereva na mpokeaji kwa pamoja. Namba ya bechi sasa huandikwa kwenye hati ya makabidhiano, na kipande cha lebo hubandikwa kwenye beseni hadi litakapoisha, bila kuchanganya mizigo miwili. Hili halikuhitaji mashine yoyote. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, Kanuni namba 178/2002 inamtaka kila mfanyabiashara wa chakula aweze kuonyesha aliyemuuzia, lakini kujua muuzaji tu kusingeisaidia kampuni hii, iliyokuwa na muuzaji mmoja na beseni lisilo na jina.

Yaliyofanyika vizuri ni machache lakini yana uzito. Kusitisha kuku kila mahali kuligharimu sana, na kwa taarifa zilizokuwapo Jumamosi ile sioni uamuzi mwingine ambao ungeweza kutetewa. Kupima kabla ya kulaumu kulimweka msafirishaji mezani, na dereva mmoja ndiye aliyependekeza makreti ya matawi ya mwisho yawekwe mbele ya kontena, yaani mbali na mlango, ingawa kupakia hivyo humwongezea kazi. Meneja aliyesema ukweli hakuadhibiwa, na habari hiyo ilifika matawi yote haraka kuliko waraka wowote.

Mfumo wa alama ulibadilishwa mwisho, baada ya mabishano ya wiki kadhaa, na hapo ndipo nina shaka iliyobaki. Sasa sahani inayokosekana kwa sababu ya mzigo uliokataliwa haikatwi alama, na tawi lililokataa huletewa kuku wa akiba aliyegandishwa kutoka ghalani siku hiyohiyo. Mwezi wa kwanza mizigo 14 ilikataliwa, ambapo kabla ya hapo haikuwahi kukataliwa hata mmoja. Mitatu kati yake ilikuwa sawa, imekataliwa kwa kupimwa vibaya, na idara ya ununuzi ilitaka matawi hayo yalipe gharama ya safari ya pili. Mkuu wa ubora alikataa, na mkurugenzi akamuunga mkono. Alama za upotevu, hata hivyo, bado zipo kama zilivyokuwa. Mpishi anayemkuta kuku ana harufu ndani ya jokofu lake, siku mbili baada ya kumpokea kihalali, bado anamgharimu meneja wake akimtupa.

Ile nakala yenye maandishi ya penseli ilikuwa kipimo pekee cha kweli tulichokipata katika fomu za wiki kumi na moja. Fomu mpya ina nafasi mbili: moja ya joto lililosomwa, na nyingine ya maoni ya aliyepima, ambayo meneja haruhusiwi kuisaini wala kuifuta.